Chunusi wa Bwawani

Yuko chunusi wa majini, yule amvutaye muogaji mguu
hata mapovu yaishe.
Na ziko chunusi za mdogo wangu Vendel,
zilizomvuta uso chini
ngazini, kwenye tramu, mezani mbele ya supu,
mwaka mzima, bila kumzamisha wala kumwachia.

Ni golikipa wa polo ya majini, hapa Szeged.
Hebu fikiri: katika michezo yote ya dunia
kachagua ule ambao mwili wote umezama
na kinachobaki juu, cha kutazamwa na jukwaa zima,
ni uso.

Alianza na dawa ya meno.
Akalala na madoa meupe kama ukuta unaongoja rangi.
Kisha ndimu: ikamwingia jichoni, akalia.
Kisha pombe ya plamu ya baba, kwa pamba;
baba akasema shavu la mtoto huyu
limekunywa kumshinda yeye Krismasi nzima.
Kisha vidole. Hapo ndipo palipoharibika.
Alijifungia bafuni, mimi nje na mswaki wangu,
nikisikia bomba limefunguliwa ili nisisikie.
Akatoka na mashavu ya nyanya zilizokanyagwa sokoni.

"Usiniangalie."
Nilikuwa naangalia mswaki.

Nesi wa timu anaitwa Dorka, ana miaka ishirini na sita
na makovu yake mwenyewe chini ya mataya.
Hakumshika uso. Alishika kofia,
akaugeuza ukanda wa kidevuni, akaunusa.
"Hii uliifua lini?"
"Kwani huwa inafuliwa?"

Basi ikaanza kazi isiyo na shangwe:
kufua ukanda kila jioni,
kusuuza klorini kabla haijakauka mwilini,
maji ya uvuguvugu, sabuni pole isiyonukia,
kidole kimoja cha mafuta mepesi, si kiganja.
Foronya mpya kila baada ya siku mbili
(nani alizianika? Mimi. Iandikwe).
Ule unga wa maziwa wa kujaza misuli
akaugawa kwa beki wa kushoto, ambaye uso wake haujui shida.
Asubuhi shayiri na jozi, jioni dengu,
na simu ikalala jikoni ili mwenyewe alale chumbani.
"Na zile za ndani, zinazouma na kuacha shimo," Dorka alisema,
"hizo usishindane nazo. Nenda kwa daktari wa ngozi.
Mimi nilichelewa."

Wiki ya tatu zikazidi.
Akakirusha kichupa cha mafuta, kikagonga kigae.
Alhamisi ile nikamwona karibu na daraja la mto Tisza
na mkate wa kuviringwa, ule wa kakao,
anakula ameupa mji mgongo kama mwizi.
Nilipita upande wa pili.
Mtu akila uchungu wiki tatu, sukari moja si dhambi.

Wiki ya tano, hamna kitu.
Wiki ya sita, hamna kitu, ila hakuna mpya kidevuni.
Ngozi haijui ratiba ya ligi.

Wiki ya tisa walikuja vijana wa Eger.
Dakika ya mwisho, mpira wa karibu, mkono wa mtu mzima.
Vendel akachomoka majini hadi kiunoni, mikono imechelewa,
na mpira ukampiga shavuni,
shavu lile lile,
kishindo kikapanda hadi safu yetu.
Ukarudi uwanjani. Goli hakuna.
Akaibuka anacheka, jekundu la mpira
limefunika yale mengine yote,
na jukwaa likamtazama, naye akalitazama.

Zimebaki tatu kwenye taya, moja juu ya nyusi,
na alama za kahawia ambazo Dorka anasema
zitaondoka kwa mwendo wao, akumbuke kujikinga na jua.

Usiku ule bomba la bafuni lilikuwa wazi,
na mlango pia.
Nikaingia na mswaki wangu.
Akasogea kidogo, bila kugeuka,
povu limemjaa hadi masikioni.